Mchanga wa bure

Lengelenge la kwanza lilikuwa dogo kama punje ya mtama, ubavuni mwa tishali, chombo cha kubebea mizigo, shibiri mbili hivi juu ya mstari wa maji. Ami mwenye tishali ndo alonionyesha. Hakusema kitu, akatoa ufunguo wa nyumba mfukoni akalitoboa, maji yakatoka, yani maji kabisa chini ya rangi nilopiga mie mwenyewe wiki sita tu zilopita, akachovya kidole akaonja. "Mwanangu," akaniambia, "hapa bahari haifiki, panafika umande na mvua tu. Sasa hii chumvi imeingia na nani?"

Nikaangaza ubavu wote. Kumi, ishirini, mengine yameshafika ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi. Jawabu nilikuwa nalo lakini siku ile sikulitoa, maana jawabu lenyewe lilikuwa mimi.

Naandika haya kwa sababu vijana wengi siku hizi, wa hapa Lamu na wa Malindi, wananiuliza habari za hii kazi ya kupiga mchanga, wanaona mageti ya majumba ya Malindi yanaoza kila mwaka na matajiri wanalipa, wanadhani ukipata kompresa na bomba basi ushatoka. Mie sina shida mtu kuingia kazini, chuma cha pwani kinatutosha sote mpaka wajukuu. Ila yaliyonipata mie ningependa uyapate kwa kusoma.

Nilianzia Mombasa kwenye karakana moja ya vyombo, miaka minne nashika bomba. Kazi ukiitazama kwa mbali ni nyepesi, kompresa inasukuma hewa, kuna mtungi mkubwa wa chuma umejaa mchanga au garineti, yani punje za jiwe gumu za kununua, vinachanganyika vinapita kwenye mpira mnene vinatokea kwenye nozo kwa kasi ya ajabu vinagonga chuma, kutu na rangi kuukuu vinaruka, chuma kinabaki cheupe kama sufuria mpya. Mmarekani mmoja anaitwa Benjamin Tilghman ndo alochukua hati ya ubunifu huu mwaka 1870, na mpaka leo wazo ni lile lile, vilobadilika zaidi ni hivo vitu tunavyovirusha. Foremani wetu alikuwa mzee mkali, ukimaliza ubavu wa chombo ukasimama kujisifu anapita nyuma yako anasema, "Ushaondoa ulichokiona. Na usichokiona?" Sisi tukicheka. Tulidhani ni uzee.

Sasa tishali lenyewe. La chuma, urefu futi 50 na kitu, kazi yake kubeba mawe na saruji kutoka Mokowe kuleta kisiwani. Kulipandisha nchi kavu lazima ungoje bamvua, maji yakijaa sana unaliburura mpaka juu unaliegemeza kwenye magogo, maji yakitoka linabaki pakavu. Na kulishusha lazima bamvua jingine, yani siku 14, 15 hivi, ukilikosa hilo ungoje tena, na kila siku likikaa juu mwenyewe halipwi. Ami alikuwa ameshika kazi ya kuvusha vifaa vya nyumba inayojengwa Shela na keshakula advansi, kwa hivo tarehe zetu zilifungwa na mwezi wa mbinguni, hakuna wa kumbembeleza.

Garineti nilishaagiza Mombasa, mifuko 120 ya kilo 25. Mie kwa chuma kilicholiwa kama kile nahesabu kilo 20 mpaka 30 kwa mita moja mraba, na pale pwani huwezi kuikusanya yote ukaichekecha ukairudia, nyingi inapotea. Lori likakwama njia ya Garsen, mvua zimekata barabara. Siku ya kwanza tukangoja. Ya pili tukangoja, tukanywa chai. Ya tatu nikawa napiga simu kila saa dereva kazima simu. Ya nne kijana wangu mmoja akasema, "Bosi, si mchanga huu tumeukalia?"

Na hapa niseme ukweli, sikukosea kwa kutojua. Nilifundishwa kabisa kwamba mchanga wa bahari haupigiwi chuma. Lakini mtu mwenye haraka hujitafutia hoja, mie yangu ilikuwa hivi: tutauchekecha, tutauanika kwenye turubai juani siku nzima mpaka ukauke, maji yakishatoka na chumvi si imetoka. Eti chumvi imetoka na maji! Mtoto wa Lamu alokulia na ng'onda, samaki wa kukaushwa na chumvi, ndo wa kusema hivo. Mamangu angenisikia angenichapa na mwiko.

(Kabla mtu hajaniuliza, la, hatukugusa vile vilima vya mchanga vya Shela, vile ndo vinavyotuwekea maji ya mvua tunayokunywa mji mzima, anayechota mchanga pale anachota kisima cha wenzake. Wetu tuliuchota pale pale chini ya tishali.)

Tukapiga. Kwanza nikashangaa mbona kazi haiendi, kumbe mchanga wa pwani nusu yake makombe, yanapasuka kuwa unga kabla hayajakata kutu, ukungu mweupe umetanda hata mwenzako humuoni na chuma kimekwaruzwa tu. Halafu kosa jingine la kijinga, kompresa nilokodi ilikuwa ile ya kukokota ya 185 cfm, yani inatoa futi 185 za ujazo wa hewa kwa dakika, nami nimefunga nozo ya inchi 3/8 kwa tamaa ya kumaliza haraka. Nozo hiyo kwa psi 100, ndo kipimo cha presha, inakula karibu 200. Hewa haitoshi, presha inashuka, unapiga kwa psi 60 huku dizeli inaungua vile vile. Ningefunga ya 5/16 inayokula kama 137 ningemaliza mapema zaidi. Tundu dogo lenye nguvu linashinda tundu kubwa linalopumua tu, na nozo nayo inakulika ndani kila siku, ikishaongezeka inchi 1/16 kutoka kipimo chake itoe uweke nyingine, usiionee huruma eti nje bado nzuri.

Zimebaki siku tatu bamvua lifike. Tukamaliza kupiga alasiri, chuma kimekuwa na ule weupe wake wa majivu, na Lamu ukikiacha chuma kitupu usiku mmoja asubuhi kimeshakuwa rangi ya karafuu. Basi nikawaambia vijana pakeni praima, ile rangi ya kwanza ya chini, leo leo. Magharibi inaadhiniwa sisi bado tuko na rola, upepo wa kusi unavuma una majimaji, ukiweka kiganja kwenye chuma unahisi ubaridi. Nikaona ni sawa. Rangi ilipokauka ilikuwa inang'aa we, ami akanipa mkono wa pili wa pesa palepale, tukalishusha tishali kwa shangwe na watoto wa mtaani juu yake.

Wiki sita.

Nikueleze lile lengelenge linavyozaliwa maana nilikuja kulisoma vizuri kwa pesa yangu. Rangi hata iwe nene vipi si kioo, maji hupenya polepole. Sasa ukiacha punje za chumvi chini yake, juu ya chuma, ile chumvi inayavuta maji, yanakusanyika pale, yanaisukuma rangi inavimba. Na maji matamu yanavutwa kwa nguvu kuliko ya bahari, kwa sababu ya bahari yenyewe yana chumvi yake tayari. Ndo maana malengelenge yalianza juu ya mstari wa maji, kwenye umande na mvua, pale ambapo mtu angedhani ndo salama. Ami alikuwa keshalijua hilo kwa ulimi kabla mie sijalijua kwa akili.

Na chumvi yenyewe ilikuwa ya njia mbili. Moja ni hiyo tuloirusha wenyewe na mchanga. Ya pili ilikuwepo tangu mwanzo, ndani ya mashimo ya kutu, tishali limekaa baharini miaka na miaka. Hata ningepiga kwa garineti bora duniani bila kuosha kwanza ingebaki, maana kupiga kunaondoa kutu lakini chumvi ya kwenye vishimo nyingine unaigongelea ndani tu. Grisi na mafuta hivo hivo, ukivipiga bila kuosha unavipaka sehemu ambayo vilikuwa havipo.

Nilirudia kazi yote kwa hela yangu. Sitasema shilingi ngapi, mke wangu anasoma.

Safari hii tuliosha kwanza. Maji matamu, ya presha, na Lamu maji matamu si ya kuchezea, punda wa kukodi walikuwa wanateremka na madumu toka asubuhi, mwenye punda ananiangalia namwagia chuma maji ya kunywa anatikisa kichwa. Kisha tukapiga kwa garineti, mpaka ile daraja inayoitwa Sa 2½, yani kutu na rangi zimeondoka zote isipokuwa vivuli vyepesi hapa na pale, na uso wa chuma una ukwaruzo wa maikroni 50 mpaka 75, maikroni elfu moja ndo milimita moja, ukipitisha ukucha unausikia kama msasa mpya. Rangi inataka huo ukwaruzo ishike. Uso laini kama kigae haishiki, uso uliochimbika sana vilele vinatokeza juu ya praima vinaanza kutu upya.

Halafu nikaagiza Mombasa vile vistika vya kupimia chumvi. Ni kitu kama plasta ya kidonda, katikati kina chumba kidogo, unakibandika kwenye chuma, unaingiza maji ya distili, yasiyo na chumvi, kwa bomba la sindano, unayavuta unayarudisha, unayavuta unayarudisha, mara kadhaa, kisha unayatia kwenye kamita kanakosoma umeme unavyopita kwenye maji, chumvi ikizidi umeme unapita zaidi. IMO, shirika la dunia la mambo ya meli, kwa matanki ya balasti ya meli mpya, yale ya maji ya kuipa meli uzito isiyumbe, limeweka mwisho miligramu 50 za chumvi kwa mita mraba. Sisi baada ya kupiga mara ya kwanza kipimo kilisoma 240. Mie nimeshika kile kidude nimeganda. Ubavu mweupe pe, ungeupiga picha ukaweka kwenye simu watu wangekupa pongezi, na ndani yake 240.

Tukaosha tena. Tukapiga kidogo tena. 70. Tukaosha, tukapitisha tena, 35. Punda wale wamechoka na mie nimechoka.

Kama huna vistika kuna njia ya masikini na nimeitumia sana. Ukishapiga usipake siku hiyo, uache usiku mmoja, asubuhi kachungulie mashimo. Sehemu safi inakuwa na kutu jepesi la rangi moja, vishimo vyenye chumvi vinatangulia kuwa vyeusi, vinaonekana kama madoa ya wino. Hapo rudia. Kutu jepesi la usiku mmoja utaliondoa kwa dakika chache, lengelenge utaliondoa kwa mwezi.

Hewa nayo usiiamini. Hewa ya pwani ina maji, kompresa inaikamua na kuipasha moto, ikipoa kwenye mpira maji yanatoka yanakwenda moja kwa moja kwenye chuma chako, na kompresa kuukuu inaongeza mafuta juu. Kila asubuhi kabla sijafungulia garineti nafungua hewa tupu nashika kipande cha kanzu kuukuu mbele ya nozo kama dakika moja. Kikitoka na unyevu au doa la mafuta hakuna kazi mpaka mtego wa maji umwagwe na chujio litazamwe. Siku za kusi tunamwaga maji ya mtego kila nusu saa, kikombe kizima kinatoka.

Na rangi, saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri, basi. Nina kipima joto cha sumaku nakibandika kwenye chuma, chuma lazima kiwe na joto la nyuzi 3 zaidi ya ile nyuzi ambayo umande unaanza kutua, na unyevu wa hewa usipite asilimia 85. Ikifika alasiri nafunga makopo hata mwenye kazi akilia. Ule mkono wangu ulohisi baridi magharibi ile ulikuwa unaniambia kitu, mie nikautumia kushika rola.

Sasa kuna habari ya mchanga wa bure ambayo ni mbaya kuliko tishali, nayo naiandika kwa uzito.

Tulipokuwa Mombasa mimi na mwenzangu mmoja tulikuwa tukichukua vibarua vya nje siku za Jumapili, si karakanani, ni kwa mafundi wa jua kali, rimu za magari, mageti, fremu za vitanda. Mchanga wa ujenzi, mkavu, na usoni tumejifunga kitambaa, yeye akipenda leso ya mamake anaizungusha mara mbili. Jioni tukitema mate yana rangi ya simiti tunacheka. Mie niliacha baada ya miezi kwa kuwa nilirudi Lamu. Yeye aliendelea miaka.

Ilianza kikohozi kikavu. Akapewa dawa za kifua. Akapimwa TB, akatibiwa, akapona, ikarudi. Mwisho picha ya kifua ikaonyesha mapafu yana makovu, silikosisi. Ule mchanga ukivunjika unatoa vumbi dogo hulioni hata kwa jua la dirishani, linateremka mpaka chini kabisa ya pafu linakaa, pafu linajitengenezea kovu kulizunguka, na kovu halina dawa. Tena linaweza kuendelea hata ukiwa ushaacha kazi, na mwenye ugonjwa huo TB inampata kirahisi kuliko mwengine. Jamaa ana miaka arobaini na kitu, akipanda ngazi ya ghorofa moja anakaa katikati. Alikuwa mpiga mbizi huyu, tukiwa vijana alikuwa akizama pale Mtongwe tunaanza kuhesabu mpaka tunaogopa.

Hilo vumbi linatokana na silika, madini yaliyomo kwenye mchanga wa kawaida, na Uingereza walipiga marufuku mchanga wa silika kwenye kazi hii tangu 1949. Uturuki ilibidi wapige marufuku 2009, huko walikuwa wanapigia suruali za jinzi, ili zipauke, vijana kwenye vyumba vilivyofungwa wanapiga mchanga kwenye mapaja ya suruali mpaka wakawa wanakufa. Nikiona mtu soko la mitumba anachagua ile ilopauka vizuri mapajani nakumbuka, simwambii, atanionaje.

Kitambaa hakizuii kitu. Hata ile maski ya karatasi haizuii. Anayeshika bomba anavaa helmeti yenye mpira wake wa hewa safi, hewa inaingia juu inasukuma vumbi nje, na ile hewa isitoke kwenye kompresa iloelekea moshi wa injini yake yenyewe, maana utajipulizia moshi wa dizeli ukadhani ni usingizi. Garineti ina silika huru kidogo sana, ndo sababu moja ya kuinunua, lakini helmeti inavaliwa vile vile, rangi kuukuu za vyombo zina madini ya risasi na sumu za kuzuia makombe, zikipigwa zinakuwa vumbi. Na turubai chini, vile vipande visiingie majini, watu wanavua kamba pale pale. Masikio pia. Na bomba lisilo na kile kishikio cha kujifunga ukikiachia, usilishike hata kwa dakika moja, nimeona mpira uliomtoka mtu ukicheza kama nyoka umevunja kioo cha gari na dereva yumo.

Kijana wangu yule wa "si tumeukalia" alinikasirikia nilipomnunulia helmeti, inampa joto. Juani Lamu ni kweli, ni kama kuvaa jiko. Anafanya dakika arobaini anatoka anamwagiwa maji kichwani. Sina ufumbuzi wa hilo.

Mlango nao. Huu sikuuharibu wote, alhamdulillahi, niliharibu ua moja.

Nyumba ya mtaa wa Mkomani hapa Lamu, nyumba ya mawe ya zamani, mlango wa kuchonga wa mbao ngumu, umepakwa rangi juu ya rangi, kijani, kahawia, kijani tena, mpaka nakshi zimezibika kama zimetiwa uji. Bi mwenye nyumba akasikia kuna mashine. Akaniita. Mie nikamwambia bi mkubwa hii kazi ya asubuhi moja. Nilishuka mpaka psi 40, nikatumia garineti laini kabisa, nikaanza na ua dogo chini ya mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, pembeni, pa kujaribia. Rangi ikatoka vizuri mno. Nikafurahi. Nikafuta vumbi.

Mti una mistari ya ulaini na mistari ya ugumu, mvua na kiangazi cha miaka yote aloishi. Garineti ilikula ule ulaini ikaacha ugumu, lile ua kila jani likawa na mikunjo mikunjo, na ncha alozichonga fundi kwa patasi zimekuwa butu. Bi akachuchumaa, akavaa miwani, akapitisha kidole. "Fundi," akasema, "ua hili limekuwa kama vidole vya mtoto aloshinda akiogelea."

Hakunigombeza. Alinipa chai na mkate wa mayai, ndo ikaniuma zaidi.

Kazi ile aliimaliza mchonga mlango mmoja wa mtaa wa pili, kwa dawa ya kulainisha rangi na vijiti vya mianzi alivyovichonga ncha, ua kwa ua, wiki tano. Nilimlipa mimi. Alinionyesha chini ya ile kijani ya mwisho mstari wa nyekundu iliyofifia ambayo hakuna aliyejua kuwa ipo, na mashine yangu ingeipitia kwa sekunde mbili. Kuta za ndani bi alinitajia pia, zile za vidaka, vile vishubaka vya ukutani, nikamwambia hapana kabla hajamaliza sentensi. Mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa ni laini, ukipiga hata kwa presha ndogo unachimba, ukishavua ule uso wa nje jiwe linakunywa unyevu na chumvi mpaka linakuwa unga. Mji mzima huu umo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001 kwa sababu ya kuta hizo, sitaki kuwa mie nilozipuliza. Wapo wanaokubali kazi hizo. Ukimwona mtu anapeleka kompresa kwenye ukuta wa matumbawe muulize tu atarudishaje.

Tishali la ami lilipandishwa tena mwaka jana, miaka mitatu tangu tulirudie. Alinipigia simu alfajiri, "Njoo tulitazame." Nilikuta keshafika. Akatoa ule ufunguo wake, akaanza mbele akapita ubavu wote mpaka nyuma, akazunguka upande wa pili, anagonga, anakwaruza, anainama chini ya tumbo na miaka yake sabini, mie niko nyuma yake kama mtoto wa chuo anasikilizwa sura. Alikuta sehemu moja imebanduka pembeni ya kile kishikizo cha mnyororo, nikafungua mdomo, akanizuia kwa mkono. "Hapa ni mnyororo," akasema mwenyewe.

Akarudisha ufunguo mfukoni, akaniuliza bei ya tanki la chuma la msikiti. Nikamtajia. Akanyamaza kidogo anatazama bahari, maji yalikuwa yameanza kupwa.

"Na mchanga unatoka wapi?"

"Wa kununua, ami."

"Lori likikwama Garsen?"

"Tutangoja."

Akasema atawaambia wenzake wa kamati baada ya Ijumaa.